Pampu Iliyonitoa Nyumbani

Nyinyi mlioniuliza kanisani, dukani na juu ya ua wa nyuma, na hasa wewe uliyenitumia ujumbe wa sauti wa kucheka tu bila neno hata moja, haya, safari yote hii hapa kwa mpangilio. Nimechoka kuisimulia vipande vipande. Kila nikifika kwenye tembo mtu ananikatiza aniambie habari za tembo wake.

Mnanijua. Kutoka hapa Mwakingali kwenda stesheni ya treni ya Voi kwangu ni safari ya kujifunga leso na kuaga. Nashona mito ya viti na vitambaa vya makochi, wateja wananifuata mlangoni, na nikitaka kuona dunia nafungua dirisha la mbele. Taveta nilikuwa nimewahi kufika mara moja tu, kwenye mazishi, na hata marehemu alijua nitarudi siku hiyohiyo.

Voi: nilivyochukuliwa

Dada yangu Mshai ameolewa na Mwadime, dereva wa malori yale makubwa ambayo yakipita vikombe vinatetemeka kabatini. Kwa miaka mingi Mwadime amekuwa akipeleka mitambo ya visima vya mafuta kule Turkana, na akiondoka anaondoka kweli. Siku moja aliporudi, mtoto wao wa mwisho alimkaribisha kiti, akamuuliza kama anamtafuta baba.

Sasa kampuni ikapata kazi ya kupeleka mitambo hadi Taveta mpakani, ivushwe kwenda kuchimba upande wa Tanzania. Mkubwa wao, ambaye wote wanamwita Engineer, alimwambia Mwadime waziwazi: mzigo wa kwanza ukifika salama, bila mkwaruzo, njia ya Voi hadi Taveta ni yako, utakuwa unalala kwako. Mzigo ukisumbua, unarudi Turkana. Mshai alinieleza maneno hayo mara nyingi, kila mara akiwa ameshika shavu, maana jino lilikuwa limemvimbisha uso upande mmoja.

Jino hilo ndilo lililoniponza. Barabarani huko kuna sehemu ndefu isiyo na hoteli hata ya chai, na Mshai ndiye aliyekuwa awapikie.

"Si uende wewe," aliniambia kwa upande mzima wa mdomo.

"Mimi? Na kuku wangu?"

"Una kuku watatu."

"Ndio hao."

"Dadangu, ni Taveta. Hata kaunti hatubadilishi."

Mwadime akaingilia, kofia mkononi. Huyu ni mtu mpole, lakini akitaka kitu anavua kofia. "Shemeji, ni siku mbili tu. Unapika, unakaa kwa gari, unarudi."

Zilikuwa siku nne. Nasema mapema ili msije mkafikiri nilidanganywa peke yangu.

Asubuhi nikaonyeshwa mzigo. Lori lenyewe wanaliita lobedi: kitanda chake kimeinama hadi karibu kuramba lami, na magurudumu ni mengi kama miguu ya jongoo. Juu yake palikaa pampu ya kusukuma matope kisima cha mafuta kinapochimbwa. Ilikuwa kubwa kuliko sebule yangu na jikoni pamoja, imefunikwa nusu kwa turubai, na mahali pasipofunikwa rangi yake ya samawati iling'aa hadi nikaona aibu ya viatu vyangu. Minyororo minene ilipita juu yake kutoka ubavu huu hadi ule.

Mbele yetu alikuwa Bwana Mutua na pikapu yenye bendera na taa ya manjano. Ni mtu wa usalama, Mkamba mwembamba mwenye sauti ndogo, na kila mtu anamwita Seifti. Nyuma alikuwa Karisa na pikapu nyingine, mtu wa Kilifi asiyeweza kunyamaza. Mimi na sufuria zangu tulipewa Karisa.

Seifti alitukusanya. "Hakuna mtu anapita gari ya mbele. Hakuna mtu anadandia mzigo. Tutakuwa tunasimama kuangalia minyororo, hata kama mnaona ni sawa. Na mnyororo unaguswa na dereva pekee yake. Kuna swali?"

"Choo tutakwenda wapi?" nikauliza.

"Hiyo si mambo ya usalama, mama."

"Subiri kidogo," Karisa akasema, "itakuwa."

Voi hadi Mwatate: tulipitwa na mwenye mkokoteni

Njia ambayo matatu inaimaliza kabla hujamaliza kugombana na kondakta kuhusu chenji, sisi tuliila asubuhi nzima na mchana wake. Mtu mmoja mwenye mkokoteni wa maji alitupita. Halafu akasimama kununua sigara, akatupita tena. Mara ya pili alitupungia mkono kwa huruma.

Kila tulipofika kwenye nyaya za umeme, Seifti alisimama chini yake, akainua mti mrefu wa plastiki ngumu, akapima, akatazama, akapima tena, ndipo akampungia Mwadime aje polepole. Nilimwambia Karisa kwamba mimi nikiwa na subira hiyo ningekuwa nimeolewa mara tatu. Akasema yeye angeomba nafasi ya nne.

Kilichonishangaza ni habari kututangulia. Sisi tulikwenda mwendo wa kobe lakini maneno yalipanda pikipiki. Karibu na Voi mtu alituuliza kama ni mtambo wa kuchimba maji, akatuomba tuanze kwake. Tulipokaribia Mwatate tukaambiwa ni mashine ya kutafuta vito, na mwenye bodaboda mmoja akamfokea Seifti kwamba watu wa nje wakija kuchimba vito vyetu angalau waje kwa adabu.

"Mimi ni wa Mtito," Seifti akamjibu kwa sauti yake ndogo.

"Si ndiyo nje hiyo!"

Kila tuliposimama Mwadime alishuka na kipande cha chuma, akagonga kila mnyororo. Uliokaza unalia kengele. Uliolegea unasema *du*. Siku hiyo yote ililia kengele. Nilianza kuipenda sauti ile, ni kama mtu anayepanga sufuria.

Mwatate: nilisaidia

Tulilala Mwatate, magari yakiwa kwenye kiwanja karibu na soko, mimi kwenye chumba cha kukodi ambacho shuka zake sitazizungumzia.

Asubuhi niliwakuta wanaume wakinywa chai niliyowapikia, na Mwadime yuko kwenye simu na Engineer. Simu zake hazina siri, sauti inasikika hadi ng'ambo ya barabara. "Mwadime, wenye pampu watakuwepo Taveta wakiipokea. Hata rangi isiguswe, umenielewa? Hata rangi!" Mwadime alisema "sawa mkubwa" mara nyingi, akakata simu, akabaki ameitazama pampu kama mtu anayetazama mtoto mwenye homa.

Nikazunguka upande wa pili. Nikainua pindo la turubai, nikaona. Pale mnyororo ulipopinda kwenye kona ya pampu, rangi ilikuwa imeanza kuchubuka. Kidogo, kama ukucha. Lakini mnajua macho yangu. Mtu akiweka kikombe juu ya meza yangu bila kitambaa, moyo unaruka. Sisi huku redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, kochi lina kitambaa na kitambaa kina kitambaa chake cha wageni. Na hapa chuma kimelala juu ya rangi mpya, bila chochote katikati, na shemeji yangu anasubiri kurudishwa Turkana kwa ajili ya mkwaruzo.

Sokoni palikuwa na magunia matupu ya katani, mazito, mazuri. Nikachukua manne. Wakati huo Mwadime alikuwa upande wa kule akiilegeza minyororo ili aikaze upya, kama anavyofanya kila asubuhi. Kwa hiyo haikuwa imebana. Nikakunja kila gunia mara nne, nadhifu, pembe kwa pembe, nikaliingiza chini ya mnyororo kwenye kila kona, nikashusha turubai. Sikuugusa mnyororo. Nasisitiza hilo kwa sababu nilijitetea nalo baadaye na halikunisaidia.

Mwadime akakaza. Akagonga. Kengele tupu. Seifti akapita na yeye akagonga. Kengele. Wakaridhika, nami nikapanda pikapu nikijisikia mtu wa maana sana katika sekta ya mafuta.

"Mbona unatabasamu peke yako?" Karisa akauliza.

"Kuna mambo ya wanawake hamyaelewi."

"Basi usinieleze," akasema, na akawasha gari.

Bura hadi Maktau: tembo na kimanga

Kupita Bura joto lilianza kutufanyia mambo. Milima ikabaki nyuma, mbele ikawa nyika tu, nyekundu hadi macho yachoke. Tuliposimama mara ya kwanza, mnyororo mmoja ukalia *du*. Mwadime akaukaza. Tuliposimama mara ya pili, miwili.

"Ni kawaida, mzigo unakaa," akamwambia Seifti.

"Mzigo ulishakaa jana," Seifti akasema. "Kaza. Tutasimama mapema kuliko tulivyopanga."

Mimi nilikuwa nakoroga chai. Sikuyaunganisha hayo na magunia yangu hata kidogo. Kichwani mwangu magunia yalikuwa yamelala pale kama vitambaa, yakifanya kazi ya vitambaa, ambayo ni kutofanya kitu.

Kabla ya Maktau tembo wakakaa barabarani. Si kwamba walikuwa wanavuka. Walifika katikati ya lami wakaona pazuri, wakatulia. Magari madogo yalijaribu kupiga honi, yakaona masikio yanavyofunguka, yakarudi nyuma kwa heshima. Seifti akazima injini. Sisi pia. Nikatoa kimanga nilichokuwa nimeponda asubuhi, mihogo na maharagwe, mafuta juu, tukala tumekaa kwenye kivuli cha pikapu.

"Kwetu tungeweka nazi," Karisa akasema.

"Kwenu mnaweka nazi mpaka kwenye mazungumzo."

"Kwetu ingekuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa," Seifti akasema, akachota mara ya tatu. Nilihesabu hivyo vijiko, siyo kwa ubaya.

Mwadime hakula sana. Alikula akiangalia lori. Nikamwambia, shemeji, hao tembo watatoka. Akasema, "Siangalii tembo."

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nimemuuliza. Alisema wiki iliyopita mtoto alimwomba amfundishe baiskeli, naye akajikuta anafikiri kwanza kama atakuwepo siku ya pili ya somo. Alisema hivyo tu, akaosha mikono. Tembo wakaondoka walipotaka.

Baada ya Maktau: kivuli cha kampuni

Mbele ya Maktau kuna mahali barabara inapinda na lami yenyewe imeinamia kushoto. Lobedi iliingia kwenye kona hiyo taratibu, taratibu kabisa, sisi tukiifuata. Karisa alikuwa katikati ya hadithi ya binamu yake na punda. Akanyamaza. Mkijua Karisa mtajua hilo peke yake ni dalili.

"Mama, huo mzigo umesogea, au ni macho yangu?"

Nikatazama. Kati ya pampu na ukingo wa kitanda upande wa kushoto, asubuhi mtu angeweza kupita. Sasa angepita kwa ubavu.

Karisa akashika redio. "Mwadime, simama. Simama hapo hapo, usiguse usukani. Mzigo umekuja kushoto."

Lori likasimama kama limepigwa msumari. Tukashuka. Mwadime alizunguka na chuma chake, akagonga. *Du.* Akaenda mwingine. *Du.* Uso wake ulikuwa umekauka. "Nimekaza mimi," alisema. "Nimekaza kwa mikono yangu. Unalegea vipi?" Akainua turubai.

Gunia langu lilikuwa limebanwa likawa kama chapati. Lilipokuwa nene, mnyororo ulikaza. Likazidi kuwa jembamba kila tulipotikisika, na mnyororo ukabaki umeshika hewa. Nililitazama nikalielewa lote mara moja, na hisabati niliifeli kidato cha nne.

"Hii ni nini?" Seifti akauliza, akilivuta kwa vidole viwili.

"Ni langu," nikasema.

"Lako vipi?"

"Rangi ilikuwa inachubuka. Nikaweka kitu laini. Kwa kila kona." Kisha nikaongeza: "Mnyororo sikuugusa."

Karisa alijishika kiuno akatazama mbingu. "Subhanallah. Umeitandikia kitambaa."

Ningependa kuwaambia kwamba nililia au nilizimia. Sikufanya hivyo. Nilisimama nikafikiria kama sufuria ya chai imefunikwa. Ndivyo kichwa changu kinavyofanya kazi siku mbaya.

Wakati tumesimama hivyo, watu wakawa wameshafika. Sijui walitoka wapi, ile ni nyika, lakini walikuja. Na habari iliyotutangulia ilikuwa imekua tena: hapa ilisemekana mafuta yamepatikana Maktau kwenyewe, na sisi tumesimama kwa sababu ndipo penyewe. Mzee mmoja alimuuliza Seifti kama fidia ya mashamba italipwa kwa ekari au kwa kichwa.

Hilo lingekuwa la kuchekesha, ila jua lilikuwa kali na kivuli pekee kilichokuwepo kilikuwa cha pampu. Nacho kiliangukia kushoto, upande uleule mzigo ulipoegemea. Watu wakaenda kukaa humo. Mama mmoja akatandika leso chini ya ukingo wa kitanda, akamtoa mtoto mgongoni, akaanza kumnyonyesha.

"Ondokeni hapo!" nikapiga kelele. Hata mimi sikujua ninayo sauti ile.

Akaniangalia juu hadi chini. "Dada, kwani kivuli nacho ni cha kampuni?"

"Hicho chuma kinaweza kuanguka!"

"Kimetoka wapi mpaka hapa hakijaanguka, kianguke kwangu?"

Seifti aliweka koni na pembetatu zake za kung'aa. Watoto walizipenda wakaanza kuzizunguka. Karisa alifoka kwa Kiswahili chake kizuri cha pwani, wakamsikiliza kwa furaha, hakuna aliyesimama. Basi nikafanya ninachokijua. Nilibeba sufuria yote ya chai, kimanga kilichobaki, mkeka na vikombe, nikavuka barabara hadi kwenye kimti chenye miiba na kivuli cha kubahatisha, nikapiga kikombe kwa kijiko. "Chai iko huku! Ya maziwa!"

Yule mama alikuwa wa kwanza kufika. Alipokaa alinyoosha miguu, akanywa, akasema sukari ni kidogo. Nikamwongeza. Tangu hapo kazi yangu ikawa hiyo, kuwakaribisha wageni ili wasife, na nadhani ndiyo kazi ya maana kuliko zote nilizofanya katika safari ile.

Upande wa pili wanaume watatu walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini. Nilienda na vikombe nikasikia.

"Tunaweza kutoa magunia, tukaze, twende polepole," Karisa alikuwa anasema. "Taveta tunafika. Nani atajua?"

Seifti hakumkatalia wala kumkubalia. Akamtazama Mwadime. "Wewe ndiye dereva. Mimi nikiandika mzigo umesogea, unajua Engineer alisema nini. Lakini sitaandika kitu sijaambiwa na dereva."

Mwadime alikuwa ameliweka gunia begani kama taulo. Alitazama pampu, halafu akatazama ng'ambo, kwenye mkeka wangu na yule mama na mtoto wake.

"Ukikaza mnyororo kwa mzigo uliokaa upande," akasema, "unaukaza upande. Kona inayofuata inaumalizia. Ita kreni kutoka Taveta. Inyanyue, tuirudishe katikati, tufunge chuma kwa chuma."

"Kreni ni mpaka kesho," Seifti akasema.

"Basi kesho."

"Na rangi?"

"Rangi itakwaruzika."

Nikamshika mkono. "Shemeji, nipe simu mimi niongee na Engineer. Ni mimi nimefanya."

"Anayefunga mzigo ni dereva, shemeji," akasema. "Nilipaswa kuinua turubai. Nilisikia *du* mara mbili na nikasema ni kawaida." Akavua kofia, ingawa hapakuwa na mtu wa kuombwa kitu, akapiga simu. Tulisikia upande wa Engineer wote, na watu wa mkekani pia walisikia. Kulikuwa na kelele ndefu. Halafu: "Mnisubiri Taveta."

Mzee wa fidia alinisogelea. "Huyo ndiye mwenye mafuta?"

Nikamwambia ndiye.

"Ana hasira. Basi yamepatikana kweli."

Taveta: bila mkwaruzo

Kreni ilifika siku iliyofuata. Ilinyanyua pampu kwa mwendo wa saa ya ukutani, watu wakiwa mbali kabisa, maana safari hii waliniogopa. Mwadime alifunga minyororo upya juu ya chuma kitupu, akakaza, akagonga. Mlio wa kengele ulisikika hadi kwenye mkeka. Tulisimama kukagua mara nyingi kuliko awali, na hakuna *du* hata moja. Kila alipokaza, rangi ya samawati ilidondoka kama maganda ya yai, nami nililazimika kutazama ng'ambo.

Tulipita Mbuyuni. Baadaye ukijani ukaanza. Nyie mnaojua mashamba ya Mboghoni mnajua: unatoka kwenye vumbi, mara mifereji, migomba, nyanya kwenye kreti kando ya njia, na hewa yenyewe inakuwa kama imeoshwa. Karisa alinunua ndizi mkungu mzima, akanipa zote nimshikie, nikawa kama nimepakata mtoto wa mtu hadi mjini.

Engineer alikuwa kwenye yadi, mfupi kuliko sauti yake. Pembeni yake alikuwa mtu wa wenye pampu, amevaa kofia ngumu ya manjano. Huyu alizunguka pampu akipitisha kidole kwenye kila mkwaruzo. Mikwaruzo ilikuwa mingi. Nilihisi kila mmoja kwenye meza yangu ya kahawa.

"Mwadime," Engineer akasema. "Niambie kwa mdomo wako."

Mwadime akamwambia. Hakupunguza. Alisema magunia yaliwekwa, hakuyaona, alisikia ishara mbili akazipuuza, mzigo ukasogea, akasimama, akaita kreni. Magunia alisema yaliwekwa na mtu wa msafara. Hakunitaja.

"Mtu gani wa msafara?"

Nikainua mkono kama niko darasani. "Mpishi."

Engineer alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa ameandaa hotuba na haikuwa na sehemu ya mpishi.

Yule wa kofia ya manjano alikuwa amefika kwenye kona ya kushoto. "Rangi tunapaka," alisema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Hii ingeanguka barabarani, tusingekuwa na cha kupaka." Akaenda zake kutia sahihi.

Engineer alimpeleka Mwadime kando ya ukuta. Hapo kwa mara ya kwanza hatukusikia kitu. Karisa alijifanya anakagua tairi iliyokuwa karibu nao, akarudi bila habari. Seifti alisimama wima, mikono nyuma, midomo ikitembea, nadhani alikuwa akiomba. Mimi nilimenya ndizi nikala, halafu nyingine. Mwadime alirudi akiwa ameishika kofia.

"Atanipima kwa mizigo mitatu," alisema. "Seifti atakuwa ananiandika kila nikisimama. Nikipita hiyo, njia ni yangu."

"Na Turkana?"

"Turkana ataenda mwingine." Akakohoa. "Kuna sharti moja lakini. Shemeji, usikasirike."

"Sema."

"Mpishi abaki nyumbani."

Karisa alicheka hadi akakaa chini kwenye mafuta ya yadi. Mmeniuliza wengi kama niliumia. Nimeadhibiwa mara kadhaa maishani, shuleni na kwingineko, lakini hiyo ndiyo mara ya kwanza nilitaka kumshukuru kwa maandishi aliyenihukumu.

Kurudi Voi na lobedi tupu hakukutuchukua hata nusu siku. Nilikaa mbele na Mwadime. Pale kwenye kona alipunguza mwendo, mimi nikatazama kile kimti cha miiba, yeye akatazama kioo cha kushoto, tukapita.

Mzigo wa tatu wa majaribio ulifika Taveta salama wiki hii. Jioni ile nilikuwa kwa Mshai, nimempelekea supu, ingawa shavu limeshapona na anaweza kutafuna mifupa. Mwadime aliingia na vumbi lake lote. Mshai hakuinuka. Alisema tu, "Viatu mlangoni, nimeosha sakafu," kwa ile sauti ya mtu anayelalamika, na akageuka upesi kuelekea jikoni ili tusimwone uso. Uani mtoto alikuwa ameanguka na baiskeli, akawa anapiga kelele kwamba baba alikuwa ameahidi kushika kiti. Mwadime akatoka nje na soksi.

Nikachukua bakuli langu, nikaenda kwangu.